Raba laini za mbio: Pima sponji kabla ya kufunga mtaji

RABA za mazoezi, hasa zile zenye soli nene na laini zinazotengenezwa kwa ajili ya kukimbia kila siku, zimekuwa bidhaa ya kawaida katika maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, na katika meza za mitumba za Gikomba, Nairobi. Hata hivyo, wafanyabiashara wadogo wanaoingia katika biashara hii mara nyingi huchagua mzigo kwa kuangalia rangi, nembo na bei ya jumla peke yake. Matokeo yake ni mtaji kukwama katika raba zinazopendeza rafuni lakini zinazomchosha mvaaji ndani ya siku tatu, au zinazoachia soli kabla mwezi haujaisha.

Makala hii inaeleza namna kiatu cha aina hiyo kinavyopimwa, maabara na dukani, katika mambo mawili yanayoamua mauzo yake: starehe ya mguu na uwezo wa kutumika kwa shughuli nyingi. Upimaji wa dukani hauhitaji mashine ya gharama. Unahitaji mizani ya jikoni, rula, kalamu, watu kumi na subira ya wiki mbili.

NANI ANANUNUA

Wateja wa raba za mbio wanaweza kugawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni wakimbiaji wa mashindano. Afrika Mashariki ina sifa kubwa hapo. Kelvin Kiptum wa Kenya alikimbia marathoni ya Chicago tarehe 8 Oktoba 2023 kwa saa 2:00:35. Alphonce Simbu wa Tanzania alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo tarehe 15 Septemba 2025 kwa saa 2:09:48, akimzidi Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu tatu tu za mia za sekunde. Habari za namna hiyo huamsha hamu ya watu, lakini viatu wanavyovaa mabingwa siku ya mashindano sivyo vinavyofaa kujaza duka la mtaani. Ni vya bei kubwa, na sponji lake limetengenezwa kwa ajili ya kasi kuliko maisha marefu.

Kundi la pili ni wanachama wa klabu za jogging na washiriki wa mbio za wananchi za kilomita 5, 10 na 21. Mbio kama Kilimanjaro Marathon ya Moshi na Nairobi Marathon, zote mbili zilizoanza mwaka 2003, zimewazoesha watu wa kawaida kulipa ada, kuvaa namba kifuani na kufanya mazoezi miezi kadhaa kabla. Huyu ndiye mteja hasa wa kiatu cha mbio cha kila siku.

Kundi la tatu ndilo ambalo waagizaji wengi hulisahau. Ni watu wasiokimbia kabisa lakini wanaoshinda wamesimama au wakitembea, yaani wauguzi, walimu, wahudumu wa hoteli, walinzi, makondakta na wamachinga. Hao wanataka kiatu laini kisichoumiza kisigino ifikapo saa kumi jioni, na ambacho Jumamosi wanaweza kukivaa na suruali ya jinzi bila aibu. Kiatu kinachowafaa watu wa kundi la pili na la tatu kwa pamoja ndicho chenye soko pana, na mzigo wake hautegemei msimu wa mbio.

KINACHOUZWA NI SPONJI

Kiatu cha mbio kina sehemu tatu kubwa. Juu kuna kitambaa kinachoshika mguu. Chini kuna raba ngumu inayogusa ardhi. Katikati kuna soli ya kati, ambayo mtaani huitwa sponji, na thamani kubwa ya kiatu hiki iko hapo. Mtu anapokimbia, kila hatua huupiga mguu kwa nguvu inayofikia mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili wake. Kwa mtu wa kilo 70 ni sawa na kubebeshwa kilo 140 hadi 210 kwa kitambo kifupi. Akikimbia saa nzima kwa hatua 165 kwa dakika, atapiga hatua 9,900, yaani 4,950 kwa kila mguu. Sponji ndilo linalopokea mapigo hayo yote.

Tangu miaka ya 1970 sponji linalotumika zaidi limekuwa la aina ya EVA, ambalo ni jepesi, rahisi kutengeneza na la bei nafuu. Baada ya hapo makampuni yalishindana kuongeza vitu vingine. Nike ya Marekani ilianza kuuza viatu vyenye vifuko vya hewa mwishoni mwa miaka ya 1970. ASICS ya Japani ilileta jeli mwaka 1986. Adidas ya Ujerumani ilitoa sponji liitwalo Boost mwaka 2013, ambalo hutengenezwa kwa chembe za TPU zilizobanwa pamoja. Mwaka 2009 kampuni ya Hoka ilianzishwa nchini Ufaransa kwa wazo lililochekwa na wengi wakati ule, la kuuza viatu vya mbio vyenye soli nene kupita kiasi. Leo soli nene ni jambo la kawaida kwa karibu kila mtengenezaji. Unene ulifika mahali ambapo mwaka 2020 Shirikisho la Riadha la Dunia liliweka kikomo cha milimita 40 kwa viatu vya mashindano ya barabarani.

Afrika Mashariki nayo imejaribu. Kampuni ya Enda ya Kenya, iliyoanzishwa na Navalayo Osembo na Weldon Kennedy, ilichangisha fedha mwaka 2016 kupitia mtandao wa Kickstarter ili kutengeneza kiatu cha mbio kilichoitwa Iten, jina la mji wa wanariadha katika Bonde la Ufa. Baadaye ilitoa kiatu kingine chenye soli nene zaidi kwa mazoezi ya kila siku, kilichoitwa Lapatet.

MFANO WA PEGASUS

Ili msomaji aelewe namna ya kusoma takwimu za kiatu, inafaa kuchukua mfano mmoja unaojulikana. Nike Pegasus ni kiatu cha mbio cha kila siku kilichoanza kuuzwa mwaka 1983, na toleo la 41 liliingia sokoni mwaka 2024 kwa bei ya rejareja ya dola 140 nchini Marekani. Toleo hilo lina sponji liitwalo ReactX pamoja na vifuko viwili vya hewa, kimoja kisiginoni na kimoja mbele. Unene wake ni milimita 37 kisiginoni na milimita 27 mbele, na uzito wake unakaribia gramu 300 kwa namba 44 ya kiume.

Kila takwimu hapo ina maana kwa muuzaji. Tofauti ya milimita 10 kati ya kisigino na mbele humfaa mtu anayetua kwa kisigino, kama wafanyavyo wakimbiaji wengi wa kawaida, na haimshangazi mtu aliyezoea viatu vya ofisini. Kiatu chenye tofauti ya milimita 0 hadi 4 huhamishia kazi kwenye misuli ya ndama na mshipa wa nyuma ya kisigino, na mteja asiyezoea anaweza kulalamika maumivu katika wiki ya kwanza. Uzito wa gramu 250 hadi 300 ni wa kawaida kwa kiatu cha kila siku. Chini ya gramu 200 mara nyingi ni kiatu cha mashindano, na kinachozidi gramu 350 kitamchosha mkimbiaji ingawa mtembeaji anaweza kukivumilia.

Ni muhimu kutambua kuwa Pegasus si kiatu laini kuliko vyote wala chepesi kuliko vyote. Kimedumu sokoni kwa zaidi ya miaka 40 kwa sababu kinafanya mambo mengi kwa kiwango cha kuridhisha, kuanzia mazoezi ya polepole, mbio ndefu na kasi kidogo hadi kutembea na kusimama. Hiyo ndiyo maana ya kutumika kwa shughuli nyingi.

MAABARA HUPIMA NINI

Katika maabara, ulaini wa soli hupimwa kwa kuangushia uzito. Kipimo kinachotumika sana Marekani, ASTM F1976, hudondosha chuma cha kilo 8.5 juu ya kisigino cha kiatu, kwa kawaida kutoka kimo cha milimita 50, kisha mashine husoma mshtuko uliopita na kiasi cha nguvu kilichorudi. Kiatu kinachopunguza mshtuko vizuri huitwa laini. Kinachorudisha nguvu nyingi huitwa chenye mdundo. Mambo hayo mawili hayafanani, kwani sponji la godoro ni laini sana lakini halina mdundo. Ugumu wa sponji nao hupimwa kwa kifaa cha mkononi kiitwacho durometa, chenye sindano butu inayobonyeza sponji na kutoa namba. Namba ikiwa ndogo, sponji ni laini.

Hata hivyo, mashine haivai kiatu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, wakiongozwa na Benno Nigg, waliandika mwaka 2015 kuwa mkimbiaji anapochagua kiatu anachokiona cha starehe, mwili wake huenda unachagua chenyewe kinachoufaa. Kwa hiyo starehe si anasa. Ni kipimo chenye uzito wake.

Utafiti mwingine mkubwa ulifanyika Luxembourg na kuchapishwa mwaka 2020. Wakimbiaji wa kawaida 848 walipewa viatu vilivyofanana kwa sura, baadhi yao vyenye soli laini na wengine soli ngumu, bila kujua ni vipi. Walifuatiliwa kwa miezi sita. Waliovaa soli ngumu walionekana kuwa na hatari ya kuumia iliyo kubwa zaidi kwa takriban nusu, yaani mara 1.52. Jambo lililowashangaza wengi ni kuwa faida ya soli laini ilionekana wazi kwa wakimbiaji wenye uzito mdogo, na si kwa wazito kama ilivyodhaniwa.

Somo kwa muuzaji ni mawili. Kwanza, anaweza kusema kwa haki kwamba soli laini ina faida. Pili, asimwahidi mteja mnene kwamba kiatu laini kitamponya magoti. Ahadi ya namna hiyo haina msingi, na mteja akiumia atakuja na kiatu mkononi kudai fedha zake.

KUPIMA DUKANI BILA MASHINE

Kabla ya kuagiza mzigo, mfanyabiashara anunue jozi tatu za sampuli kwa namba zinazouzika zaidi, kisha afuate hatua zifuatazo.

1. Mizani na rula. Kila kiatu kipimwe peke yake, cha kulia na cha kushoto. Tofauti ya gramu tatu au nne ni ya kawaida. Tofauti ya gramu 15 ni dalili kuwa kiwanda hakisimamii kazi yake. Urefu wa ndani upimwe pia, maana namba 42 ya kiwanda kimoja yaweza kuwa 41 ya kingine.

2. Meza. Kiatu kiwekwe juu ya meza iliyonyooka na kuangaliwa kwa nyuma, macho yakiwa usawa wa kisigino. Kisigino kikiegemea upande mmoja kikiwa bado kipya, kitazidi kuegemea kikivaliwa.

3. Kukunja na kusokota. Kiatu kizuri cha mbio hukunjika pale vidole vinapokunjika, si katikati ya upinde wa mguu. Kikikunjika katikati kama karatasi, hakimtegemezi mvaaji. Kikisokotwa kama nguo inayokamuliwa, kilete ukinzani kiasi.

4. Kidole gumba. Sponji libonyezwe kwa kidole ubavuni. Linatakiwa liingie na kurudi mara moja. Likibaki na alama, ni laini bila uhai na litakufa mapema. Zoezi hili lifanywe asubuhi na mchana, kwa sababu EVA huwa gumu kwenye baridi na laini kwenye joto. Kiatu kinachoonekana laini Dar es Salaam saa nane mchana kinaweza kuwa kigumu Iringa, Arusha au Eldoret alfajiri.

5. Watu kumi. Hapa ndipo penye uzito. Wachaguliwe watu kumi wa maumbile tofauti, wanaume na wanawake, wepesi na wazito, wenye miguu mipana na myembamba. Wavae jioni, wakati mguu umeshavimba kidogo, wakiwa na soksi zao za kawaida. Wasimame dakika tano, watembee dakika kumi, wakimbie dakika kumi. Kisha kila mmoja atoe alama kutoka 0 hadi 10 kwa maswali matano: kisigino, mbele ya mguu, upana wa vidole, kushikwa kwa kisigino kisichomoke, na starehe kwa jumla.

Alama za siku moja zisiaminiwe. Mtu huyohuyo hubadilika kulingana na uchovu wake. Zoezi lirudiwe siku tatu. Vilevile, kiatu kilekile kirudishwe mara mbili kati ya vingine, nembo zikiwa zimefunikwa kwa utepe. Mtu akikipa alama 8 mara ya kwanza na 4 mara ya pili, maoni yake yawekwe kando. Nembo zisipofunikwa, watu huipa alama nembo badala ya kiatu.

6. Wiki mbili. Jozi moja apewe mkimbiaji wa klabu, nyingine apewe mtu anayeshinda amesimama kazini. Wavae wiki mbili mfululizo, kisha viatu virudishwe mezani na kupimwa upya. Sponji lililoshuka au kuonyesha mikunjo mingi ubavuni, gundi iliyoanza kuachia kwenye ncha na kitambaa kilichotoboka kwenye kidole kidogo ni mambo ambayo mteja angeyaleta dukani baadaye.

UWEZO WA KUTUMIKA KWA MENGI

Kiatu kilichopita kipimo cha starehe kinaweza bado kushindwa kwa matumizi. Soli nene na laini sana huyumba mvaaji anaposimama muda mrefu au anapogeuka ghafla. Kwa hiyo mpimaji asimame kwa mguu mmoja kwa nusu dakika, kisha ashuke ngazi. Kifundo kikitetemeka, kiatu hicho ni cha kukimbia mbele tu, na hakifai kuuzwa kwa mtu anayecheza netiboli au kubeba mizigo.

Ardhi nayo ina neno. Wakimbiaji wa hapa hawakimbii kwenye lami peke yake. Hukimbia pembeni ya barabara, kwenye vumbi, kokoto na tope. Mifereji mikubwa chini ya soli hunasa mawe na kuburuza tope ndani ya nyumba. Sehemu ambazo sponji limeachwa wazi bila raba ngumu, kwa ajili ya kupunguza uzito, hulika haraka kwenye kokoto. Kipimo rahisi ni kutembea kilomita mbili kwenye barabara ya kokoto na kuangalia soli. Kisha sakafu ya vigae imwagiwe maji na kiatu kipitishwe juu yake. Muuguzi na mhudumu wa hoteli watakuwa na swali hilo hilo.

Kufua ni kipimo kingine kinachosahauliwa. Wateja wengi hufua raba kwa sabuni ya unga na kuzianika juani. Sampuli moja ifanyiwe hivyo mara mbili. Kitambaa kinachochuja rangi, au sponji linalobadilika kuwa la njano na kusinyaa, kitajulikana kabla hakijagharimu mtaji. Rangi pia ni sehemu ya matumizi. Nyeusi na kijivu huingia kazini na kwenye mazoezi, ilhali rangi za kung'aa huuzwa kwa wakimbiaji na vijana peke yao.

HATARI YA GHALA

Tatizo moja huwapata waagizaji wa viatu vya akiba ya zamani na wauzaji wa mitumba. Baadhi ya soli hutengenezwa kwa PU badala ya EVA. PU hudumu vizuri ikivaliwa, lakini unyevunyevu na joto huivunja taratibu hata ikiwa imelala ndani ya boksi. Baada ya miaka kadhaa kiatu ambacho hakijavaliwa hata siku moja huanza kumomonyoka kama mkate mkavu mara tu mteja anapokanyaga. Kwenye miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar, ambako hewa ina unyevu mwingi, hatari hiyo ni kubwa zaidi.

Kwa hiyo bei ya chini sana kwa viatu vipya vya jina kubwa isipokelewe kwa furaha kabla ya kuuliza vilitengenezwa lini. Watengenezaji wengi huweka lebo ndani ya ulimi wa kiatu au pembeni yake, na mara nyingi tarehe ya kutengenezwa huwa hapo. Kwa mitumba, ambayo hununuliwa kwa robota, mnunuzi aombe kufungua na kukunja jozi kadhaa kwa nguvu. Nyufa ndogo kwenye sponji, unga unaobaki mkononi na harufu kali ya soli inayooza ni sababu ya kuliacha robota hilo. Ghalani, maboksi yawekwe juu ya mbao na si sakafuni, mbali na bati linalopigwa na jua, na mzigo ulioingia kwanza utoke kwanza.

FEKI NA FORODHA

Lebo inayosema kiatu kimetengenezwa Vietnam si dalili ya feki. Karibu nusu ya viatu vya Nike hutengenezwa huko, na vingine vingi Indonesia na China. Dalili za kuangalia ni nyingine. Namba ya toleo kwenye lebo ya ndani ilingane na ile ya kwenye boksi, mshono uwe sawa kulia na kushoto, na uzito usitofautiane sana na ule unaotangazwa na mtengenezaji. Kiatu feki mara nyingi huiga sura lakini hakiigi sponji, na hapo mizani na kidole gumba humaliza ubishi.

Nchini Tanzania bidhaa bandia hushughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Kenya ina sheria yake ya kupambana na bidhaa bandia ya mwaka 2008. Mzigo ukikamatwa, kinachopotea ni mtaji wote na si faida tu.

Kwa upande wa forodha, raba zenye kitambaa juu na soli ya mpira au plastiki huingia katika kifungu 6404.11, ilhali viatu vya mitumba huingia katika kifungu 6309. Tangu tarehe 1 Julai 2022, ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una ngazi nne za asilimia 0, 10, 25 na 35. Ushuru hutozwa juu ya thamani ya mzigo pamoja na bima na nauli, kisha VAT hutozwa juu ya jumla hiyo. Tuchukue mfano wa mzigo wenye thamani ya dola 2,000 bandarini na VAT ya asilimia 18. Kwa ushuru wa asilimia 25 gharama inakuwa dola 2,950. Kwa asilimia 35 inakuwa dola 3,186. Tofauti ni dola 236 kabla ya tozo nyingine. Kwa kuwa nchi wanachama huweza kupewa ruhusa ya kutumia viwango tofauti kwa mwaka husika, wakala wa forodha aulizwe kwanza, kabla ya fedha kutumwa.

HESABU YA MTAJI

Kiatu cha mbio kwa kawaida hudumu kati ya kilomita 500 na 800. Mteja anayelipa dola 140 kwa kiatu cha kilomita 700 analipa senti 20 kwa kila kilomita. Anayelipa dola 45 kwa kiatu kinachokufa baada ya kilomita 150 analipa senti 30. Bei ya chini inaweza kuwa ghali zaidi, na muuzaji anayeweza kuieleza hesabu hiyo kwa mteja huuza kwa hoja badala ya kupunguza bei.

Hesabu ya muuzaji mwenyewe ni kali zaidi. Tuchukue mfano wa jozi 60 zilizogharimu dola 30 kila moja hadi dukani, jumla dola 1,800. Zikiuzwa kwa dola 42, jozi 45 za kwanza zitaingiza dola 1,890. Hadi hapo faida ni dola 90 tu. Jozi 15 zilizobaki, ambazo kwa kawaida ni namba ndogo sana au kubwa sana, ndizo zilizobeba faida. Zikiuzwa zote kwa bei kamili, faida ya mzigo ni dola 720. Zikiuzwa kwa dola 20 ili ghala liwe wazi, faida hushuka hadi dola 390. Zikimomonyoka soli, inabaki dola 90, na hapo kodi ya pango haijalipwa.

Kwa hesabu hiyo, sampuli tatu za dola 90 zilizoharibiwa katika upimaji si hasara. Zinamwezesha mfanyabiashara kujua kama namba za kiwanda ni ndogo, ni namba zipi aongeze, na kama sponji litaishi rafuni kwa miezi sita.

SOMO KUTOKA NEW YORK

Wawekezaji wadogo wanaofuatilia hisa za nje wana sababu ya kutazama bidhaa hii pia. Tarehe 28 Juni 2024 hisa za Nike zilishuka kwa karibu asilimia 20 kwa siku moja, baada ya kampuni kutangaza kuwa mauzo yake yangepungua. Wachambuzi walitaja, pamoja na mambo mengine, nafasi iliyochukuliwa na wapinzani katika viatu vya mbio vya kila siku, hususan Hoka, inayomilikiwa na Deckers, na On ya Uswisi, iliyoingia soko la hisa la New York Septemba 2021. Oktoba 2024 Nike ilimrudisha mfanyakazi wake wa miaka mingi, Elliott Hill, kuwa mtendaji mkuu.

Nembo kubwa haikuzuia wateja kuhamia kwenye kiatu kilichowastarehesha zaidi. Kama hilo limetokea kwa kampuni yenye matangazo ya mabilioni, mwenye duka la mlango mmoja hana budi kulizingatia. Anayeagiza mzigo kwa ajili ya msimu ujao anunue sampuli sasa, azipime kwa wiki mbili, na aagize kwanza robo ya mzigo anaoutaka. Robo hiyo ikiisha bila kiatu hata kimoja kurudishwa, robo tatu zilizobaki zinaweza kufuata.